Gari ya Dizeli Ikitetemeka, Tuanze Kutazama Wapi?

Kila msimu wa karafuu ukikaribia huwa twakumbushana katika kurasa hizi mambo yetu ya siku zote: majamvi ya kuanikia yatazamwe, magunia yashonwe, kamba za kupandia mikarafuu zijaribiwe, na sakafu zifagiliwe. Mara hii twapenda kuongeza jambo moja, nalo ni gari. Wanachama wengi wanazo gari kuukuu za dizeli, na malalamiko yao yanafanana kama mapacha. Gari inawaka, lakini ikisimama inatetemeka hata vioo vinagonga. Ikipanda kilima na mzigo inachoka. Moshi umegeuka rangi. Akiitwa fundi, neno la kwanza litokalo kinywani mwake ni kuwa pampu imekufa.

Jambo hili si dogo kwa mwenye mikarafuu. Karafuu iliyochumwa leo haingoji. Ikilala rundo ndani ya magunia hupata joto na kuchacha, na ikianikwa baadaye haitoki na ile rangi ya kahawia yenye kung'aa; hutoka iliyosinyaa na kufifia, na mwenyewe hulipwa bei ya daraja la chini. Tena tukumbuke kwamba kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kilo 1 hivi ya karafuu kavu. Kwa hiyo gari ya shamba hubeba mzigo mara tatu kwa faida ya mara moja. Ikilala njiani siku mbili katikati ya msimu, hasara yake yaweza kupita gharama ya matengenezo yenyewe.

Shauri letu ni moja, na twaliweka hapa mwanzoni ili asiye na nafasi ya kusoma yote alichukue hili: usikubali pampu ifunguliwe kabla ya mafuta, upepo na nozeli kutazamwa. Yaliyo rahisi yatangulie, yaliyo ghali yawe ya mwisho. Sababu zake twazieleza hapa chini.

INJINI HII INATAKA NINI

Mhandisi wa Kijerumani, Rudolf Diesel, alipoonyesha injini yake ikifanya kazi mjini Augsburg mwaka 1897, jambo geni lilikuwa kwamba haikuhitaji cheche ya kuwashia moto. Gari ya petroli huwashwa kwa plagi. Gari ya dizeli huvuta hewa tupu, huibana mpaka ibaki kiasi cha sehemu moja katika ishirini ya nafasi yake ya kwanza, na hewa hiyo hupata joto lipitalo digrii 500. Hapo nozeli hupuliza dizeli iliyo laini kama ukungu, nayo huwaka yenyewe.

Basi kila silinda yataka mambo matatu tu: hewa ya kutosha, mbano wa kutosha, ambao mafundi huuita kompresheni, na dizeli safi iliyopulizwa vizuri kwa wakati wake. Ugonjwa wowote wa kutetemeka umo ndani ya mojawapo ya nyumba hizi tatu. Mwenye gari akilishika hili, hata kama hajui kushika spana, hatadanganyika kwa urahisi.

Twasema hapa juu ya gari za zamani, zile ambazo pampu yake ni ya chuma tupu na kila silinda ina kijibomba chake kitokacho kwenye pampu moja kwa moja. Gari za namna mpya, zilizoanza kuuzwa mwaka 1997, zina bomba moja nene la chuma ambalo vijibomba vyote vya nozeli vinatoka humo, na huendeshwa kwa kompyuta. Gari hizo zina dawa yake nyingine, na baadhi ya majaribio tutakayoyataja yaweza kumwua mtu akiyafanya kwenye gari hizo. Tutalikumbusha hili mahali pake.

SIKILIZA KWANZA

Kabla ya kufungua boneti, mwenye gari na akae asikilize. Kutetemeka kuna aina zake, na kila aina ina maana yake.

Kama injini yapiga kwa mdundo ulio sawa lakini wenye kilema, kama mtu anayechechemea, tatu zinapiga na moja inanyamaza, basi silinda moja haifanyi kazi yake. Mafundi husema gari inamisi.

Kama mwendo wa injini wapanda na kushuka wenyewe bila ya kukanyaga mafuta, au gari yazimika na kuwaka tena bila ya mpango, dhania upepo ndani ya mafuta.

Kama yatetemeka asubuhi tu kwa dakika moja au mbili, kisha ikatulia, tazama hita plagi, na baadaye kompresheni.

Kama imetulia ikiwa imesimama, lakini yachoka na kukohoa ikitiwa mzigo, tazama filta ya mafuta na filta ya hewa.

Na kama injini yenyewe inapiga vizuri bali ni bodi tu linalotikisika, huenda ugonjwa haumo ndani ya injini hata kidogo. Tazama mipira inayoshikilia injini. Mpira ukikatika au ukilowa oili ukawa laini, injini hukaa juu ya chuma, na mtikisiko wote huja ndani. Kadhalika silensa ikiwa chini mno kila injini ya dizeli yenye silinda nne hutetemeka. Irudishwe kwenye kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kisha isikilizwe tena. Kazi hizi mbili hazihitaji kufungua kitu chochote cha ndani.

MOSHI UNASEMA

Moshi ni shahidi asiyesema uongo, ila yataka kumwelewa.

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Filta ya hewa imeziba, au nozeli inadondosha badala ya kupuliza, au pampu imefunguliwa kupita kiasi na mtu aliyetaka gari iwe na nguvu zaidi.

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli na kuwasha macho ni mafuta yaliyopita bila ya kuwaka. Silinda ni baridi, au kompresheni ni ndogo, au mafuta yanafika kwa wakati usio wake. Lakini moshi mweupe usiowasha macho, nao hauishi hata injini ikipata moto, na huku maji ya rejeta yanapungua, huo ni mvuke wa maji. Gasketi ya hedi itazamwe mara moja, na gari isiendeshwe.

Moshi wa buluu ni oili. Ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Huo peke yake hauleti kutetemeka kwingi, ila unaonyesha umri.

MAJI NA UCHAFU

Katika visiwa vyetu adui wa kwanza wa dizeli ni maji. Hewa yetu ni ya bahari na ina unyevu mwingi. Tangi likilala nusu tupu, unyevu hugeuka matone juu ya chuma, matone hushuka chini, na chuma huanza kutu. Mafuta yaliyowekwa ndani ya mapipa ya shamba hupatwa na hayo hayo.

Chini ya filta ya mafuta katika gari nyingi pana skrubu ndogo ya kumwagia. Weka chupa ya kioo chini yake, ulegeze, umwage kiasi cha kikombe, kisha uiache chupa itulie robo saa. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini, na mpaka baina yao huonekana wazi kama mstari. Ukiyaona maji, endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu. Ukiona ute mweusi au wa kahawia, hao ni vijidudu wanaoishi baina ya maji na dizeli, na tangi lote lataka kushushwa na kuoshwa.

Filta yenyewe, kama hujui imefungwa lini, ibadilishe. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na kingine chochote tutakachokitaja hapa. Filta ya hewa nayo itolewe na kuelekezwa kwenye jua. Kama mwanga haupiti, imekwisha kazi.

Hapana budi tuseme pia juu ya mafuta ya taa. Wapo wanaochanganya mafuta ya taa na dizeli kwa ajili ya bei, na wapo wanaouziwa mchanganyiko huo bila ya kujua. Pampu ya mzunguko iliyomo katika Hilux nyingi za zamani haina oili yake yenyewe. Dizeli ipitayo ndani yake ndiyo inayoilainisha. Mafuta ya taa ni makavu, na chuma hulana na chuma. Faida ya leo hulipwa kwa pampu ya kesho.

UPEPO NDANI YA MAFUTA

Hili ndilo jambo linalowatia watu wengi hasarani, kwa sababu upepo hauonekani. Katika gari nyingi za aina hii pampu huyavuta mafuta kutoka kwenye tangi, haisukumiwi. Kwa hiyo palipo na ufa mdogo njiani, dizeli haidondoki nje ukaiona. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Mpira uliokauka, klipu iliyolegea, wosha ya zamani, vyote vyaweza kuwa sababu.

Tuchukue mfano. Tuseme bwana mmoja wa upande wa Konde ana Hilux yenye injini ya 2L. Katikati ya msimu gari yaanza kupanda na kushuka mwendo, asubuhi inawaka kwa taabu, na ikiwaka inatetemeka. Gereji ya kwanza yamwambia pampu imekufa, itolewe na isafirishwe kwa boti. Hesabu anayopewa ni sawa na ujira wa wachumaji wake wote kwa siku kadhaa. Kabla ya kukubali, amwita kijana fundi wa jirani. Kijana akata mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, na mahali pake afunga mpira mweupe unaoonyesha ndani. Injini yawashwa. Vipovu vyapita kama lulu katika uzi.

"Mzee, pampu yako nzima," asema kijana. "Gari inakunywa upepo."

"Inaunywa wapi, mwanangu?"

"Hapa juu ya filta, penye pampu ya mkono. Mpira wake wa ndani umekauka."

Jambo hili ni la kawaida sana katika gari za namna hii. Ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ambayo hubonyezwa kutoa upepo, ina mpira ndani yake, na mpira huo huzeeka. Kifaa kizima chaweza kubadilishwa kwa muda mfupi na kwa bei isiyofikia hata sehemu ndogo ya ile ya pampu kubwa. Bwana yule angeliitoa pampu, ikatengenezwa, ikarudi, gari ingelitetemeka vile vile, maana ugonjwa ulikuwa mahali pengine.

Lipo jaribio jingine lenye nguvu zaidi, nalo hutenga upande wa tangi na upande wa injini kwa mara moja. Chukua dumu safi la lita 5, litie dizeli safi iliyochujwa, na ulifunge imara mahali palipo juu kuliko pampu, mbali na eksozi na feni. Toa mpira mmoja kutoka kwenye dumu, upite katika filta mpya, uingie kwenye mdomo wa pampu unaopokea mafuta. Mpira unaorudisha mafuta nao uelekeze ndani ya dumu hilo hilo. Toa upepo, washa injini, uiache ikae kwa dakika kumi. Ikitulia, basi injini na pampu havina kosa, na ugonjwa umo baina ya tangi na filta. Ikiendelea kutetemeka kama mwanzo, basi mafuta yaondolewe katika mashaka na tuendelee mbele. Wakati wa kazi hii mtu asivute sigara, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

SILINDA IPI?

Mafuta yakishaonekana safi na hayana upepo, na injini bado inachechemea, sasa yapasa kujua ni silinda gani iliyonyamaza. Kubadilisha nozeli zote nne kwa kubahatisha ni kutupa fedha.

Njia ya kwanza haina hatari nyingi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, na baada ya nusu dakika dondosha tone la maji juu ya kila tawi la eksozi linalotoka kwenye silinda. Tawi la silinda inayowaka hukausha tone upesi. Tawi linalobaki baridi ndilo la mgonjwa.

Njia ya pili ndiyo ya mafundi wa siku zote, nayo yataka uangalifu. Injini ikiwa katika silensa, fundi hulegeza kwa nusu mzunguko ile nati ya kijibomba pale kinapoingia kwenye nozeli, moja baada ya moja, huku ameifunika kwa kitambaa kinene. Akilegeza nati ya silinda nzima, mwendo huanguka na injini huzidi kutetemeka. Maana amemnyamazisha mfanyakazi mwema. Akikaza, hurudi kama mwanzo. Akifika kwenye silinda ambayo kulegeza au kukaza hakubadilishi kitu, hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Na kama injini ilikuwa ikigonga kama nyundo na kutoa moshi mweusi, kisha kulegeza nati moja kukanyamazisha mgongo ule, basi nozeli ya hapo inadondosha.

Hapa twataka kila msomaji asimame. Nguvu ya dizeli itokayo katika vijibomba hivi yapita mara 100 ya nguvu ya hewa ituzungukayo. Yaweza kutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama bila ya kuleta maumivu makubwa kwa wakati ule. Mkono usiwekwe kamwe mbele ya mafuta yanayoruka, miwani ivaliwe, na mtu aliyepigwa, hata kwa tundu dogo kama la sindano, apelekwe hospitali saa ile ile na aeleze kuwa ni dizeli. Kungoja mpaka kesho kumewagharimu watu vidole na mikono. Na katika zile gari za namna mpya tulizozitaja mwanzoni, ambazo nguvu yake hupita mara 1,000, jaribio hili lisifanywe kabisa.

NOZELI AU SILINDA YENYEWE?

Tuseme silinda ya 3 ndiyo iliyonyamaza. Je, nozeli ni mbovu au silinda? Pana njia ya kujua isiyotaka mashine. Nozeli ya 3 itolewe na kuwekwa kwenye silinda ya 1, na ya 1 iwekwe kwenye ya 3. Wosha za shaba ziwe mpya, na matundu yafutwe vizuri kabla ya kufunga. Jaribio lile lile lifanywe tena.

Ugonjwa ukihamia silinda ya 1, nozeli ina hatia. Ipelekwe kwa mwenye mashine ya kupimia, naye ataonyesha kwa macho kama inapuliza ukungu au inadondosha. Wakati mwingine kusafisha na kurekebisha kunatosha, wakati mwingine ncha yake hubadilishwa. Lakini isiachwe. Nozeli inayodondosha huunguza kichwa cha pistoni, na pistoni ikitoboka injini yote hufunguliwa.

Ugonjwa ukibaki pale pale kwenye silinda ya 3, nozeli haina hatia, na tunahamia kwenye valvu na kompresheni.

Jambo moja kuhusu pampu lafaa lijulikane hapa. Pampu ya mzunguko, iliyomo katika Hilux nyingi za zamani, ina pistoni moja tu ya kusukumia mafuta, nayo huzigawia silinda zote kwa zamu. Ikichoka, aghalabu silinda zote huumwa pamoja. Kwa hiyo fundi akisema pampu imekufa, na huku silinda tatu zinapiga vizuri na moja tu imenyamaza, muulize kwa adabu imekuaje pampu ife kwa silinda moja. Yawezekana, maana kila mdomo wa pampu una kijivalvu chake, lakini si jambo la kwanza kudhaniwa. Zile pampu ndefu za mstari, kama za Mercedes-Benz za dizeli za zamani, ni habari nyingine. Hizo zina pistoni moja kwa kila silinda, na moja yaweza kufa peke yake.

VALVU, KOMPRESHENI NA HITA PLAGI

Nafasi ya valvu ipimwe kwa vijibati vya kupimia, injini ikiwa baridi au moto kama kitabu chake kinavyotaka. Valvu iliyokazwa mno haifungi sawasawa, hewa hupotea, na mwisho wake huungua. Hii ni kazi ya asubuhi moja, na mara nyingi hutosha.

Kompresheni hupimwa kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haifai, kwani injini ya dizeli iliyo nzima yaweza kupita paundi 400, na geji ile itaharibika. Jambo kubwa la kutazama ni tofauti baina ya silinda na silinda. Injini iliyochoka kwa usawa yaweza kutembea kwa utulivu miaka mingi, ikiwa na moshi kidogo asubuhi. Iliyo na silinda moja chini sana kuliko wenzake haitatulia kwa dawa yoyote ila kufunguliwa.

Hita plagi hupimwa kwa taa ndogo ya kupimia. Ondoa ule ubao wa chuma unaoziunganisha, fungia waya mmoja wa taa kwenye chanya ya betri, na wa pili uguse kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, plagi nzima. Isipowaka, imekufa. Wengi hudhani kwa kuwa nchi yetu haina baridi plagi hizi hazina kazi. Kwa injini mpya huenda ni kweli, lakini injini kuukuu yenye mbano mdogo huzihitaji hata katika asubuhi zetu.

MWISHO NDIPO PAMPU

Ikiwa yote hayo yametazamwa na bado, sasa wakati wa pampu umefika, na kabla yake taimingi. Injini ya Toyota 2L ina mkanda wa mpira unaozungusha valvu na pampu pamoja. Mkanda ukiruka jino moja, injini hutetemeka, huwaka kwa taabu na kutoa moshi mweupe. Ukikatika gari ikiwa mbioni, valvu hugongana na pistoni. Asiyejua mkanda wake ulifungwa lini na asingoje alama nyingine; aubadilishe kabla ya msimu.

Taimingi ya pampu hupimwa kwa geji maalumu, na vipimo vyake vimo kitabuni. Si kazi ya kukisia kwa sikio. Pampu yenyewe ifunguliwe na mwenye mashine ya kuipimia baada ya kuifunga, na mwenye gari adai kuonyeshwa vipimo vyake. Fundi mwema hachukii kuulizwa.

KUZUIA KULIKO KUPONYA

Tumalizie kwa yale ambayo kila mwanachama aweza kuyafanya mwenyewe. Tangi lijazwe jioni, lisilale nusu tupu. Wakati wa masika maji ya filta yamwagwe kila wiki. Pipa la dizeli shambani lilazwe likiinama kidogo, liachwe litulie siku nzima baada ya kusafirishwa, na mafuta yavutwe kutoka juu, si kutoka chini kabisa. Mipira ya mafuta itazamwe kila mwaka, na iliyopasuka ibadilishwe yote pamoja. Na katika gari pawe na filta moja ya akiba, mpira mweupe wa urefu wa mkono, klipu nne na chupa ya kioo. Vitu hivi havijazi hata kikapu, navyo vyatosha kumwonyesha mtu nusu ya magonjwa tuliyoyataja.

Yafaa pia kuweka daftari. Andika siku filta ilipobadilishwa, kilomita zilizosomwa, fundi alichokiona na alichokifanya. Gari ikiugua, daftari hilo litamwambia fundi mgeni habari ambazo mwenye gari amekwisha kuzisahau.

Mwanachama mwenye gari inayotetemeka hivi sasa, asingoje mpaka majamvi yatandikwe. Kesho asubuhi, kabla ya kuiwasha, na aweke chupa chini ya filta amwage kikombe kimoja, atazame kilichokaa chini.